Upige picha injini gani kwanza? Kichwa cha treni cha mvuke, pampu ya mvuke, gari la zimamoto au mashine ya kusaga

Kuna watu wanapenda mashine tangu utotoni, kamera wanayo, ila kila wakitoka wanarudi na picha za machweo na sahani za chipsi. Ukiwauliza wanakwambia sijui nianzie wapi. Mmoja kaambiwa nenda makumbusho, mwingine kaambiwa makumbusho ni chuma kilichokufa, tafuta injini inayonguruma, wa tatu yuko London na amesikia kule kuna pampu za mvuke za karne ya 19 bado zinawashwa, basi anabaki njia panda anaangalia video tu. Nimezipanga njia nne hapa, zote zipimwe kwa mizani moja, halafu kila mtu ajichagulie.

Mizani yenyewe

Ruhusa, yaani unamuomba nani na ana uhuru gani wa kukukatalia. Muda, kwamba injini inakusubiri wewe au wewe ndo unaisubiri. Mwanga, maana injini nyingi ni nyeusi, zinang'aa mafuta na zinakaa kwenye vibanda vya giza, mchanganyiko ambao kamera haiupendi kabisa. Hatari, ya mwili wako na ya kifaa chako. Na cha mwisho ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote: je, nguvu inaonekana? Injini ina safari yake, moto unawaka hapa, mvuke au mlipuko unasukuma pistoni, pistoni inazungusha kitu, na hicho kitu kinafanya kazi fulani mwisho wa njia. Picha nzuri ya injini ni ile ambayo hata mtu asiyejua spana ni nini anaweza kuifuata hiyo njia kwa kidole. Njia yote ikiwa imefichwa ndani ya bodi, umepiga picha ya bati.

Aina ya kamera sijaiweka makusudi. Simu ya kawaida inatosha kwa nusu ya haya mambo, na pale isipotosha nitasema.

1. Vichwa vya mvuke, makumbusho ya reli Nairobi

Nazungumzia Nairobi Railway Museum, pale karibu na stesheni ya zamani, ipo tangu 1971. Vichwa ni vingi ila wa kuanza nao ni Garratt za daraja la 59. Zilijengwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, 1955 na 1956, kwa ajili ya mizigo mizito ya njia ya Mombasa, kila moja ina uzito wa tani 250 hivi, na zinatajwa kuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zilizobaki pale ni 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na zote mbili ni milima ya Tanzania, Gelai iko kule Ziwa Natron na Shengena iko Upareni, kwa hiyo Wabongo tukifika Nairobi tunakuta wenzetu wametangulia.

Ruhusa: rahisi kuliko zote, unakata tiketi unaingia. Kama unabeba kamera kubwa na stendi, au unaenda na modo na nguo za kubadilisha, uliza getini kabisa kabla hujaanza, hiyo wanaihesabu kama kazi ya biashara na wana haki.

Muda: wote ni wako. Hakuna kinachosogea. Unaweza kukaa na gurudumu moja asubuhi nzima na hakuna wa kukuuliza.

Mwanga: hapa ndo penye shida. Vichwa viko nje na Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, boila juu inaungua nyeupe na magurudumu chini yanazama kwenye giza, na hamna programu ya kukurekebishia hiyo vizuri. Nenda wanapofungua tu au jioni kabla hawajafunga. Bora zaidi nenda kipindi cha baridi, Juni mpaka Agosti, Nairobi inafunikwa na mawingu siku nzima na yale mawingu ndo taa yako, yanalainisha kila kitu na ile rangi ya damu ya mzee ya East African Railways inatoka yenyewe bila kulazimishwa.

Nguvu inaonekana? Nusu. Umbo lote liko wazi, mikono ya pistoni iko nje, silinda ziko nje, ila hakuna moto wala mvuke. Uzuri wa Garratt ni kwamba boila imebebwa katikati na fremu yake, na fremu hiyo imeegemea seti mbili za injini, moja mbele moja nyuma, kila moja na silinda zake na magurudumu manane ya kuvuta. Watu wengi wanahangaika kuiingiza yote kwenye fremu moja, urefu wake unapita mita 31, wanachukua lenzi pana wanasimama karibu na pua, matokeo pua inakuwa kubwa na kingine chote kinakuwa mkia. Achana na hiyo. Simama pale fremu ya boila inapokaa juu ya seti ya injini, pale kwenye egemeo, ndo panapoeleza jinsi dude refu hivi lilivyokata kona za kupanda kutoka pwani. Picha moja ya hapo ina maelezo kuliko picha kumi za ubavu mzima.

Hatari: ngazi zenye kutu, chuma kinachochoma mchana, basi. Kamera iko salama.

Utaona pia lile behewa ambalo mwaka 1900 pale stesheni ya Kima simba aliingia usiku akamuua mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall. Sio injini, ila hakuna anayelipita bila kulipiga.

2. Pampu za mvuke, London

Hii ni kwa walioko Uingereza au wanaopita. Miji ya kule ilijengewa nyumba nzima za pampu, za maji safi na za maji taka, na baadhi zimetunzwa hadi leo na zinawashwa siku maalum. Mbili za kuanza nazo ni London Museum of Water & Steam iliyoko Kew Bridge, na Crossness kusini mashariki ya mji.

Ruhusa: tiketi, na ukarimu. Wanaoziendesha wengi ni watu wanaojitolea, wanaipenda kazi, ukimuuliza mmoja swali la maana kuhusu valvu atakupa nusu saa na atakwambia usimame wapi. Stendi ya kamera uliza mapema, siku za watu wengi inakuwa kero kwenye vijia vyembamba.

Muda: ndo mtihani wenyewe. Mvuke hauwashwi kila siku. Ukienda tu bila kuangalia kalenda yao utakuta injini imelala, na hapo umelipa nauli kuangalia chuma baridi ambacho Nairobi ungekipata kwenye hewa safi.

Mwanga: ndani, madirisha marefu, kwa hiyo kuna mwanga laini wa upande mmoja na giza upande wa pili. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ya 1600 mpaka 3200 ni kawaida, usiogope chengachenga. Flashi acha, inarudi kwenye shaba iliyosuguliwa na inaua kila kitu.

Nguvu inaonekana? Hapa ndo mfalme wa zote nne. Injini hizi zina boriti kubwa ya chuma juu, upande mmoja imeshikwa na pistoni na upande mwingine na pampu, inapanda na kushuka mbele ya macho yako, kila kiungo kiko wazi. Ile kubwa ya Kew ya mwaka 1846 ina silinda yenye kipenyo cha inchi 90, yaani mita 2.3, mtu mrefu anasimama ndani bila kuinama. Na ina jambo moja zuri mno kwa mpiga picha, hii ni injini ya mtindo wa Cornwall, haina gurudumu la kuzungusha, kwa hiyo ikifika mwisho wa pigo inasimama kidogo, inatulia, halafu inashuka tena. Ule mtulio ndo wa kwako. Hesabu pumzi zake mara kadhaa kisha bonyeza pale inapotulia, hata na simu utapata picha kali isiyotikisika.

Crossness ni habari nyingine. Ilifunguliwa 1865 kama sehemu ya mfumo wa maji taka wa mhandisi Joseph Bazalgette, baada ya Mto Thames kunuka kupita kiasi mwaka 1858 hadi wabunge wakashindwa kukaa bungeni kwa raha. Kuna injini nne zenye majina ya familia ya kifalme na moja, Prince Consort, ilifufuliwa ikawashwa tena 2003. Boriti yake ina tani 47, gurudumu lake tani 52, na lote hilo linazunguka kama mara 11 tu kwa dakika. Hapa sasa fanya kinyume cha Kew, usigandishe. Weka kamera juu ya kitu kilichotulia, shata (muda kamera inaoruhusu mwanga uingie) robo ya sekunde au nusu, gurudumu litakuwa ukungu na nguzo za chuma zilizopakwa rangi zitabaki kali, na mtazamaji ataelewa kuwa kitu kizito kinatembea. Simu hapa inasumbua kidogo, inajaribu kuunganisha picha nyingi kuwa moja na vinavyosogea vinatoka vimevunjikavunjika, zima hiyo HDR au tumia hali ya kupanga mwenyewe (manual).

Hatari: unyevu. Ukitoka kwenye baridi ya nje ukaingia chumba chenye mvuke lenzi inafunikwa na ukungu palepale. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu. Na matone ya mafuta yanadondoka kutoka juu, usivae shati la Ijumaa.

Ukishazoea hizo mbili, kuna Kempton, injini mbili za kusimama wima za futi 62 kila moja zilizoanza kazi 1929. Zile zinahitaji lenzi pana kweli na shingo imara.

3. Gari la zimamoto

Usidhani nimeruka mada. Mashine za kwanza za kuzima moto kwa injini zilikuwa pampu za mvuke, wahandisi Braithwaite na Ericsson walitengeneza moja London mwaka 1829, boila na pampu juu ya mkokoteni unaovutwa na farasi. Gari jekundu la leo ni mjukuu wake halali. Tofauti ni kwamba sasa injini moja ya dizeli ina kazi mbili, barabarani inazungusha magurudumu, na ikifika kwenye tukio nguvu ileile inahamishwa kupitia gia kwenda kuzungusha pampu.

Ruhusa: ngumu kuliko zote, lakini sio haiwezekani. Bongo hili ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ni askari, huingii kituoni na kamera kama unaingia sokoni. Andika barua kwa kamanda wa mkoa, sema unataka nini, lini, na picha zinakwenda wapi, ambatanisha picha mbili tatu ulizopiga awali. Ukifika, salamu kwanza, jina la cheo, "samahani afande". Njia ya mkato halali ni maonyesho kama Sabasaba na Nanenane, mara nyingi wanaleta gari na wanafurahia watu wakilisogelea. Na tafadhali, 114 ni namba ya dharura, sio ya kuulizia lini mna mazoezi.

Muda: siku ya maonyesho gari limekusubiri. Siku ya mazoezi una dakika chache za maji kutoka halafu basi. Siku ya tukio halisi huna muda wowote na mimi naona usiwe pale. Najua wengine wanabisha, wanasema ndo uandishi wa habari, sawa, kama ni kazi yako na una kitambulisho. Kama ni hobi, mtu anaunguliwa na nyumba na wewe unatafuta engo, hapana, na bado unaziba njia ya mipira.

Mwanga: rangi nyekundu inaidanganya kamera, inajaa mpaka mikunjo ya bodi inapotea, gari linakuwa bonge la rangi. Punguza mwanga kidogo, -0.7 inatosha mara nyingi. Zile stika za kuakisi pembeni zikipigwa na flashi zinaripuka nyeupe, kwa hiyo flashi hapana tena. Taa za juu za LED zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, ukiweka shata ya kasi sana unaweza kupata taa zimezimwa kwenye kila picha, au mistari kwenye simu. Shuka mpaka 1/60 ya sekunde hivi. Na kama una kichujio cha polaraiza kilete, kinaondoa mng'ao kwenye rangi na vioo, ila kwenye chuma kitupu hakisaidii kitu.

Nguvu inaonekana? Injini yenyewe imefichwa, tuwe wakweli. Ila mwisho wa njia unaonekana kuliko injini yoyote ile. Nenda kwenye paneli ya pampu, geji, valvu, mkono wa askari juu ya valvu, kisha fuata mpira. Mpira uliolala bapa chini ukijazwa maji unavimba ghafla na kujinyonga, ile sekunde ndo picha yenyewe, shikilia kitufe upige mfululizo. Maji yakitoka, jipange jua liwe nyuma yake.

Hatari: gari linalorudi nyuma, maji ya presha, mpira unaochapa. Simama unapoambiwa. Kamera ivalishe mfuko wa plastiki.

4. Mashine ya kusaga

Hii watu wanaidharau kwa sababu iko mtaa wa pili. Nazungumzia zile zinazotumia dizeli bado, silinda moja, gurudumu kubwa pembeni, mkanda mrefu unaokwenda kwenye kinu. Nyingi siku hizi ni mota za umeme, na mota haina cha kuonyesha, kwa hiyo ulizia kwanza.

Ruhusa: ni mtu mmoja tu, mwenye mashine. Shikamoo, elezea, subiri. Usianze na kamera mkononi, wengine wanadhani umetoka halmashauri au mamlaka ya mapato. Akina mama waliopanga ndoo zao nao ni watu, waombe. Rudi na picha zilizosafishwa studio umpe, mlango hautafungwa tena.

Muda: injini inakwenda pale wateja wanapokuwepo, asubuhi na jioni. Inarudia jambo lilelile mamia ya mara, ukikosa sasa utapata baada ya dakika moja. Hakuna mwalimu mzuri wa mwendo kama huu.

Mwanga: mbaya, kibanda cha bati, mlango mmoja. Lakini unga ukiwa hewani na jua likapenya tundu la bati unapata mihimili ya mwanga ambayo studio wanailipia.

Nguvu inaonekana? Yote. Dizeli, silinda, gurudumu, mkanda, kinu, unga, ndoo. Nyingine zina pipa la maji pembeni la kupoozea injini, maji ya moto yanapanda yenyewe kwa bomba la juu na ya baridi yanarudi kwa la chini, na kazi ikikolea pipa linafuka mvuke. Injini za zamani za Lister za Uingereza na nakala zake za India zinazunguka kama mara 600 hadi 650 kwa dakika, karibu mara 11 kwa sekunde. Ukiweka 1/60 gurudumu linasogea karibu sehemu ya sita ya mzunguko, unapata ukungu mzuri. Ukiweka 1/1000 halijasogea hata nyuzi 4, linaonekana limesimama, na msomaji atadhani injini imezimwa. Chagua.

Hatari: kubwa kuliko zote nne na ndo maana naisema taratibu. Ule mkanda hauna kinga mara nyingi. Vua mkanda wa kamera shingoni, funga khanga, kunja mikono ya shati, usiinamie gurudumu hata kwa sekunde moja kwa ajili ya picha. Moshi wa injini kwenye kibanda kilichofungwa unalewesha, toka nje mara kwa mara. Ziba masikio. Unga unaingia kila mahali, lenzi usibadilishe ndani kabisa.

Basi uende wapi?

Una simu tu na Jumamosi moja, uko Nairobi au unapita: makumbusho ya reli, asubuhi, leta subira ya kuangalia umbo. Unataka kujifunza shata na mwendo na huna bajeti: mashine ya kusaga, mradi uwe mtu wa tahadhari, na kama una watoto wa kuwachunga siku hiyo basi usiende nao. Uko Uingereza: angalia kalenda, na kama ni ya kwanza kwako chagua Kew kwa sababu ya ule mtulio, Crossness iende baadaye ukiwa na kitu cha kuegemeza kamera. Unapenda watu kuliko vyuma: zimamoto, lakini anza barua leo maana majibu yanachukua muda wake, na ukiwa unasubiri jibu piga mashine za mtaani kwako.

Mwenye mguu mbovu au anayetumia kiti cha magurudumu, za London zina ngazi nyingi za chuma kwenda juu kwenye boriti, piga simu uulize ghorofa zipi zinafikika. Nairobi ni uwanja wa chini, nyasi na vyuma vya reli, kunatembeleka kwa msaada kidogo. Mwenye pumu kwenye mashine ya kusaga apigie mlangoni na lenzi ndefu, pale pale penye mwanga, na kusema kweli engo ya mlangoni ni nzuri.

Na kama unapanga kuzipiga zote nne hatimaye, tanguliza zilizolala ndo ufuate zinazokwenda. Ukishajua kwa macho mkono wa pistoni unaanzia wapi na unaishia wapi kwenye Mount Gelai, ukikuta mwenzake anachapa kwenye kibanda cha giza utajua tayari pa kuelekeza lenzi.